Masikio ya Mzee Nyamhanga

Sogeeni karibu, na anayetafuna amalize kwanza, maana hadithi hii mimi naisimulia tu. Kuamua ni kazi yenu.

Wakati wa vita vya Kagera, mzinga mmoja ulikuwa na askari wanne. Shomvi, mtu wa Bagamoyo, alikuwa na jicho kali. Gidamis wa Mbulu alikuwa na mbio. Mwakibete wa Tukuyu alikuwa na ulimi usiojua kudanganya, jambo lililomgombanisha na nusu ya kikosi. Wa nne alikuwa Mzee Nyamhanga wa Tarime, mpiga mzinga mwenye mvi, waliyempenda kama baba yao. Tatizo ni kwamba miaka ya kusimama kando ya mizinga ilikuwa imemla masikio, naye hakutaka mtu ajue.

Shomvi ndiye aliyegundua kwanza, akanyamaza. Akawa anasimama nyuma ya mzee, macho kwa kamanda. Kamanda akitoa amri ya kupiga, Shomvi anamgusa mzee begani, mzee anavuta kamba, mzinga unanguruma. Hivyo heshima ya mzee ikabaki palepale.

Gidamis alilipa kwa mwili wake. Siku moja kombora la adui lilikuja likipiga mluzi. Wote wakajitupa handakini isipokuwa mzee, aliyekuwa akifuta mzinga wake taratibu, hana habari. Gidamis akatoka mbio, akambeba mzobemzobe na kurudi naye. Kipande cha chuma kikampata pajani. Mbio zake ziliishia hapo; mpaka leo anachechemea.

Sasa Mwakibete. Asubuhi moja mzinga ulikuwa umeshajazwa, amri inasubiriwa. Mpishi, mgeni pale, akapita na chai, akamgusa mzee begani apokee kikombe. Mzee akavuta kamba. Kombora likaangukia kwenye kinamasi, na kwa bahati hakuna aliyeumia, ila chai yote ilimwagika na mpishi akakaa chini bila kuambiwa. Shomvi na Gidamis wakakubaliana kusema kwamba kamba ilinasa. Mwakibete alishindwa. Akaenda kwa daktari wa kikosi, akamweleza kila kitu.

Daktari alisimama nyuma ya mzee, akamwita kwa jina, akamwita tena. Mzee akaendelea kufunga vifungo vya shati. Basi akaachishwa jeshi kwa sababu ya afya, vita bado havijaisha. Siku ya kuondoka aliwapa mkono Shomvi na Gidamis. Lakini Mwakibete, mzee alimpita kama hamwoni, na jambo hilo lilimuuma sana kijana wa watu.

Vita vilipoisha, watatu hao walikwenda Tarime kumtembelea. Walikuta mkwewe amejifungua mvulana, na katika ukoo ule babu ndiye humpa mjukuu jina. Mzee akasema atampa jina la askari aliyemtendea wema kuliko wote.

Baba wa mtoto alimtaka Gidamis, maana bila yeye wangeletewa maiti. Mzee akasema hapana, Shomvi alimwazima masikio wakati wengine wangemcheka. Mwakibete hakutajwa.

Ndipo Nyangi, mke wa mzee, akaja kuketi mbele ya mumewe, mahali ambapo mzee angeweza kuisoma midomo yake, akasema polepole, "Hawa wawili walikusaidia kubaki vitani. Aliyenirudishia mume ni mmoja, na hujampa hata mkono."

Mzee akamgeukia Mwakibete.

"Jina wape wenzangu, Mzee," Mwakibete akasema. "Mimi nipe mkono tu."

Mtoto akaanza kulia. Babu hakusikia kilio, ila alihisi kifua kile kidogo kikitetemeka mikononi mwake, akamkumbatia, machozi yakamtoka. Akawatazama wote watatu, akafungua kinywa.

Je, ungekuwa wewe umempakata, ungemwita nani?