Mshono Chini ya Mwamba

Kitu kikiingia mvunguni mwa kitanda, hakitoki kwa kuitwa. Wahenga walimaanisha kwamba cha thamani hakimfuati mtu aliyesimama wima na kiburi chake. Sharti apinde mgongo. Mama mmoja mtafiti wa miamba alilijua hilo tangu ujana, kisha akalisahau, na nusura kusahau huko kumponze.

Majirani walimwita Bi Mawe. Tangu nywele zake zingali nyeusi ti, alikuwa akitafuta mahali ambapo mabara mawili ya kale yaligongana yakashikamana, na bahari iliyokuwa kati yao ikabanwa hadi ikatoweka. Mahali hapo alipaita mshono. Alama yake ni jiwe lililozaliwa chini ya bahari, nalo halitambuliki kwa macho tu: husagwa likawa unga, unga ukayeyushwa kwa asidi, kisha mashine ikasoma kilichomo. Mumewe, fundi cherehani, hakuacha kumtania. Yeye humaliza mishono ya gauni zima kabla ya chakula cha mchana. Mwenzake mshono mmoja tu, na ndoa yote imepita! Bi Mawe alicheka, akamjibu kwamba nguo yake ni kubwa kidogo.

Alipokaribia kustaafu, mashine ilikubali. Jiwe moja alilolitoa mlimani lilikuwa la bahari tupu. Mkuu wa idara alimwombea nafasi ya kulitangaza kwenye mkutano mkubwa wa wanajiolojia, na Bi Mawe akawa anatembea kwa madaha. Nani angemlaumu? Ndipo alipopigiwa simu na mwanafunzi wake wa zamani, binti mpole ambaye sasa alikuwa mtafiti kamili, na ambaye alikuwa ameisoma rasimu ya tangazo hilo.

"Mwalimu, nisamehe," alisema. "Jiwe lile ulilibandua kwenye mwamba, au uliliokota?"

Bi Mawe alikata simu kavimba kwa hasira. Mtoto wa juzi amfundishe kazi! Lakini akaikumbuka siku aliyolipata. Siku ile kiuno kilikuwa kinamuuma, mwamba wenyewe ulikuwa chini korongoni, na jiwe lilikuwa hapo kando ya njia, karibu na mkono wake. Aliliokota. Naye ndiye aliyewafundisha wanafunzi miaka yote kwamba jiwe lililolala ovyo si shahidi, kwa kuwa hakuna ajuaye lilikotoka. Hofu ikamwingia. Akilitangaza na ikawa sivyo, kazi ya maisha yake ingegeuka kichekesho.

Mkuu alimshauri atume vijana wakahakikishe. Alikataa, akarudi mlimani mwenyewe, mumewe akimbebea nyundo. Kando ya njia aliyaona mawe mengine kama lile, yamepangwa mstari, na mgongoni pa mojawapo pamekaukia saruji. Kumbe waliojenga njia waliyaleta kwa lori! Bi Mawe alikaa juu ya jiwe hilo, machozi yakimlengalenga.

"Turudi nyumbani?" mumewe aliuliza kwa upole.

"Tushuke chini," alijibu.

Korongoni, mwamba ulikuwa umejificha chini ya ukingo wa udongo. Bi Mawe alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi na kutambaa kwenye matope. Kiuno kilimlalamikia, akajikaza kisabuni, akagonga mpaka mlima ukamwachia kipande cheusi chenye ukijani. Alikisaga kwa mikono yake mwenyewe, na mashine ikasema: bahari. Kisha akawauliza wajenzi wa njia mawe yao walikoyatoa. Walimwelekeza kwenye machimbo yaliyo upande wa pili wa mlima. Akaenda, akainama tena, akakuta mwamba wa aina ileile. Sasa alikuwa na sehemu mbili, na sehemu mbili zilimwonyesha mshono unakoelekea.

Mkutanoni alianza na picha ya jiwe lenye saruji. Ukumbi uliangua kicheko, kisha ukatulia na kusikiliza hadi mwisho. Aliposhuka jukwaani alimkumbatia kwanza yule mwanafunzi wake, akamshukuru mbele ya wote.

Jioni, mumewe alimchua kiuno huku akimuuliza kama mshono mmoja ulistahili maumivu yote hayo. Bi Mawe alifumba macho, moyo wake umeridhika kabisa.

"We chua tu, fundi," alisema. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."