Jina Moja kwenye Fomu ya Nasimiyu

Sogeeni. Simu zote silent, na mjuaji wa kila kitu afunge mdomo hadi mwisho. Nimewaletea kesi, na mahakama ni nyinyi.

Nairobi, ghorofa ya tatu ya jengo moja la maduka, kulikuwa na kiwanja cha barafu. Ukumbi hauna dirisha hata moja. Nje watu wanakaangwa na jua, ndani watu wanatoa mvuke mdomoni wakicheza ice hockey: unateleza kwa viatu vyenye visu, unapiga kisahani cheusi kwa gongo, kikiingia golini ni bao.

Nasimiyu wa Kitale alikuwa na kipaji kimoja: kufunga. Misimu sita, mabao mia moja tisini na tisa. Aliyemfuata alikuwa na themanini, na huyo alishaacha, anauza mitumba. Nasimiyu alizawadiwa nini? Cheti, na soda moto. Seriously.

Kaloki alikuwa fundi wa kunoa visu vya viatu. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na jiwe, tupa na ukucha wa kidole gumba. Akiupitisha juu ya kisu anakwambia, "Dada, ukiogopa unaegemea kushoto."

Odera alikuwa mtoa pasi. Aliona nafasi kabla haijafunguka.

Lempaa alikuwa golikipa wao, mrefu kama mlango. Kila asubuhi alisimama apigwe mashuti mia mbili, ili Nasimiyu ajue makipa hawaoni wapi. Mbavu zake zilikuwa na rangi zote. "Piga tena, mama," anamwambia, "hiyo hata nyanya yangu angedaka."

Sasa sikieni alipokosea msichana. Kiwanja kilikuwa hicho kimoja. Ukishakuwa bora hapo, unaenda wapi? Unazunguka tu, kama samaki kwenye chupa. Kwa hiyo kila alipotendewa wema, alilipa kwa ahadi: "Nikitoka hapa, natoka na wewe." Alimwambia Kaloki akiwa ameinamia jiwe. Alimwambia Odera kwenye ngazi. Alimwambia Lempaa akimkanda mbavu. Mara zote tatu alimaanisha. That was the problem.

Siku ya fainali akaja mama mmoja kutoka klabu ya Finland, na daftari lake. Nasimiyu akifikisha mia mbili, atapewa mkataba, yeye na msaidizi mmoja atakayemchagua. Siku hiyohiyo mwenye jengo akatangaza kwamba mechi ikiisha anazima mashine za kugandisha barafu. Ukumbi utakuwa wa harusi.

Dakika moja imebaki, wamefungwa tatu kwa mbili, na bao la mia mbili bado. Kisu cha Nasimiyu kikapata pengo. Kuvua kiatu hakuna muda, basi Kaloki akauweka mguu wa msichana juu ya goti lake, akanoa hivyohivyo huku kisu kikimkata kiganja. Damu ikadondoka barafuni. Hakuacha.

Lempaa naye akaomba kutoka golini. Sheria inaruhusu: kipa anatoka, anaingia mshambuliaji wa ziada, goli lenu linabaki tupu. Wakifungwa, lawama zote zake. "Wacha nife mimi," akamwambia kocha.

Mabeki wakamkimbilia yule wa ziada. Kisahani kikamfikia Odera, goli la wapinzani wazi mbele yake, mama wa daftari anamtazama yeye. Maisha yake yote alikuwa amefunga bao moja. Akatoa pasi.

Bao. Mia mbili!

Mama wa daftari akamfuata Nasimiyu chumba cha kubadilishia nguo. "One name," akasema, akimpa fomu. "Naelekea uwanja wa ndege saa hii. Dakika kumi."

"Nikienda peke yangu?"

"Mfadhili analipia wawili au hakuna."

Akatoka, mlango ukafungwa. Nje ya mlango, sauti tatu.

"Nasi," Kaloki akaita, "kiganja kimefungwa kitambaa. Barafu ikiisha nitanoa nini, visu vya vitunguu?"

"Afadhali wewe una vitunguu," Lempaa akadakia. "Mimi ni kipa wa barafu, Kenya! Hiyo CV nimpelekee nani?"

"Goli lilikuwa wazi," Odera akasema polepole. "Ningefunga mimi, hiyo fomu ingekuwa yangu."

"Wazi kwa sababu nani alitoka?"

"Na angepokea pasi akisimama na kisu gani, buda?"

Halafu Odera, kwa sauti ya chini: "Nasi, si uliniahidi?"

"Alikuahidi *wewe*?" wakauliza wale wawili kwa pamoja.

Nasimiyu ameketi, viatu bado miguuni, fomu kwenye goti. Mlango mmoja una watu watatu. Wa pili unaelekea kiwanjani, na mashine zimeshazimwa. Maji ya barafu yanaingia chini ya mlango, yanafikia visu vyake. Akiandika jina moja, anawazika wawili. Asipoandika, wanabaki wanne, yeye akiwemo.

Msiniambie agawanye. Visa haikatwi vipande. Msiniambie kura ya vikaratasi pia. Kiganja cha Kaloki hakikukatwa kwa bahati nasibu.

Zimebaki dakika mbili. Haya, mahakama: kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na ungefungua mlango gani?