Mgeni Mpole wa Ziwani

Jambo usilolijua halina mchana. Ukiliingia, unapapasa tu, hata kama jua la utosi linakuwakia. Fundi cherehani mmoja alilijua hilo kando ya ziwa, na alilijua kwa kumpoteza dada yake, ndugu pekee aliyebaki naye duniani.

Dada alifuga bata. Asubuhi moja wawili hao walikuta ndege mgeni akielea karibu na banda, kichwa rangi ya kutu, paji la manjano, mdomo wa samawati. Hakuna aliyewahi kumwona wa namna hiyo. Dada aliingia majini, akamnyanyua, na ndege akatulia kwapani.

"Unaona? Angekuwa wa porini angeruka," dada alisema. "Huyu kafugwa, kawatoroka wenyewe."

"Dada, tumuulize kwanza daktari wa mifugo."

"Mimi nafuga bata tangu wewe unanyonya, leo nikaulize ndege ni nini? Nenda kashone vifungo, mdogo wangu."

Fundi alicheka, akaenda zake. Kicheko hicho kinamla moyo hadi leo.

Ndege akatiwa bandani pamoja na bata. Wiki haikuisha, akafa, na bata nao wakaanza kupinda shingo na kuzunguka kama walevi. Dada hakukubali jasho lake liende bure. Aliwachinja waliokuwa bado wanapumua, akawanyonyoa jikoni kwa mikono mitupu. Homa ilipomshika alisema ni uchovu, na alipoanza kuhema kwa shida ndipo akakubali kupelekwa hospitali.

Daktari wa mifugo alipofika bandani aliuliza swali moja: "Yule ndege mgeni, mlipomfuata, alikimbia?"

"Hapana," fundi alijibu. "Alitulia tu."

"Basi alikuwa hoi kwa mafua ya ndege, nayo huambukiza hata watu. Huyo ni bata wa porini, husafiri kutoka mbali sana. Wa porini asipomkimbia mtu, si upole huo, ni ugonjwa."

Hospitalini fundi aliwekwa mbali na kitanda, kitambaa mdomoni, asiruhusiwe hata kumshika dada mkono.

"Umeuliza?" dada alisema kwa shida.

"Nimeuliza, dada." Akamweleza yote.

"Na alivyokuwa mpole," dada akasema, kisha akageukia ukutani.

Kesho yake fundi aliitwa kuchukua nguo za marehemu dada yake.

Banda lilichomwa moto. Ndege wageni bado hutua ziwani, na fundi huwatazama kwa mbali, hasogei. Dada yake aliingia gizani mchana kweupe, ndege kwapani, akitania. Usilolijua ni usiku wa giza.