Jengo Lenye Jina la Diwani

Choo cha shule yetu kilikuwa kimebomoka kuta, na watoto walikuwa wakiharisha kila wiki. Diwani Kihampa alikuwa na jibu moja tu: "Andikeni barua."

Siku moja Bi Sikujua, mpishi wa uji wa shule, akapiga goti mbele yake.

"Baba, barua tumeacha. Tunaomba tu jengo moja la shule tuliite kwa jina lako."

Diwani akacheka hadi jino la mwisho. "Liandikeni kubwa! Atakayelifuta atanitambua!" Akaandika kibali, akakigonga na muhuri kabisa.

Jumatatu alileta wageni kutoka wilayani. Kabla hajahutubia, mtoto wa darasa la kwanza akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kwenda Kihampa."

"Kihampa kimejaa!" wenzake wakamjibu. "Tena kinanuka!"

Matofali yalifika kabla wageni hawajamaliza chai.