Mke Mwenza wa Plastiki

Shuuu... shuuu... Sauti ilimfikia Eustakia kabla hajafumbua macho, laini kama upepo unaopita migombani. Mwanga wa alfajiri ulipoingia dirishani, akaiona: mashine ya pumzi, bomba lake limeunganishwa na barakoa iliyofunika pua ya mumewe, Bartholomayo, dereva wa lori pale Kanazi. Eustakia aliisonya. Kwake ile haikuwa tiba. Ilikuwa mke mwenza.

Kwa miaka minane, mumewe alipokoroma kisha pumzi ikakatika, ni yeye aliyemfinya mpaka aheme tena. Majirani walimwita Mlinzi, naye jina hilo alilivaa kama kanga mpya. Lakini mwaka huu Bartholomayo alisinzia kwenye usukani katika mteremko wa Rusumo, lori likachungulia korongo. Daktari wa Mwanza akampa mashine na kumkataza kuendesha mpaka usingizi wake utengemae.

Bartholomayo alivaa pia saa inayopima usingizi. Wiki ya kwanza barakoa ilimkera, akawa anagaagaa. Alama zake za usingizi, kwa mia, zikashuka kutoka arobaini na moja hadi thelathini na tano.

"Saa haina shemeji, haimpendelei mtu, Baba Joyness," Eustakia alisema, akificha tabasamu.

Wiki ya tatu zikapanda hadi themanini na nne.

"Umemwona bibie anavyofanya kazi?" mume alitania, akiipapasa mashine.

"Mimi nimekufinya miaka minane, sikupewa hata alama moja."

Wivu ukamchemka kama maharage yaliyosahaulika mekoni. Usiku ule, mumewe alipolala fofofo, alimvua barakoa na kuizima mashine. Alijiapiza kumlinda mwenyewe, lakini usingizi ni mwizi, ukamwiba.

Asubuhi alimkuta mumewe ameketi kitandani, kichwa mikononi, macho mekundu kama pilipili. Saa ilionyesha alama ishirini na tisa. Oksijeni katika damu yake ilikuwa imeshuka mara hamsini na mbili usiku huo. Mlinzi hakusikia hata moja.

"Mama Joyness, mashine imeshindwa; nimeikuta imezimika, barakoa imenitoka," alisema kwa unyonge. "Nitairudisha Mwanza. Lori achukue Celestini, dereva mwenzangu."

Ushindi ulikuwa mkononi mwa Eustakia. Alihitaji kunyamaza tu. Moyo ukamsuta.

"Haijashindwa. Niliizima mimi, kwa wivu."

Bartholomayo alimkazia macho. "Kumbe mtu anaweza kuuawa kwa kupendwa."

"Nisamehe, mume wangu. Kuanzia leo nitakuvisha barakoa kwa mikono yangu hii, kila usiku, hata utakaporudi kwenye usukani. Bado siipendi, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."