Siku Mto Ulipopewa Kinywa

Wajukuu zangu, kulikuwa na wakati ambapo vitu vilikuwa vitu tu. Upepo ulikuwa upepo, jiwe lilikuwa jiwe, na mtu akionekana anazungumza na kimojawapo, nduguze walimfungia ndani wakidhani amerukwa na akili. Hata masimulizi ya wakati huo yalihusu watu peke yao.

Huku kwetu milimani Upare aliishi mfinyanzi aitwaye Namkunda. Msimu mmoja wa masika kaka yake alikuwa akivuka mto, maji yakamchukua, na mwili haukuonekana. Aliacha binti, Nakiete, ambaye meno ya utotoni ndiyo kwanza yalikuwa yakimng'oka. Tangu msiba ule mtoto hakusema neno. Akaacha hata kunywa maji, kwa kuwa maji yote ya kijiji yalitoka mto uleule. Alilamba umande kwenye majani ya migomba, akakonda, hata shangazi yake akimbeba mgongoni hakuhisi uzito.

Wazee walimweleza kwa upole kwamba maji hayana akili wala nia, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Mtoto akaendelea kulamba umande.

Asubuhi moja Namkunda akambeba hadi ukingoni, wanawake walipokuwa wakiteka maji. Alikusudia kumbembeleza anywe. Lakini alipofungua kinywa ikatoka sauti nzito, ya taratibu, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Nakiete, mimi ni Mto. Nilishuka mlimani kwa kasi, nikamchukua baba yako. Siwezi kumrudisha, maana sijui kurudi nyuma. Nisamehe."

Wanawake wakatua mitungi yao. Mtoto akateremka mgongoni, akayakabili maji.

"Ulimpeleka wapi?"

Ile sauti nzito ikajibu kinywani mwa Namkunda.

"Mbali, kwenye mchanga laini. Njia nzima alikuwa akikutaja."

Nakiete akaokota mawe, akaupiga mto, akautukana mpaka koo likamkauka. Kisha akalia, mara ya kwanza tangu msiba. Alipomaliza akainama, akachota maji kwa viganja, akanywa.

Habari zikamfikia mkuu wa ukoo. Akamwita Namkunda na kumuuliza kama kweli mto ulisema.

"Maneno yalikuwa yangu," akajibu, "ila sikuyajua kabla sijayasema."

Mkuu, kwa sauti ya chini, akamwomba aisemee Ndui, iliyomchukua mkewe, maana naye alikuwa na la kuiuliza.

Na tangu siku hiyo watunzi huvipa vitu kinywa: njaa ikabisha hodi, jua likachungulia, kaburi likakataa kushiba. Shuleni mnaiita tashihisi. Ndiyo maana hata leo, mtunzi akisema Mwezi unataka kuzungumza, watu wazima wenye akili zao hunyamaza, wakasubiri kusikia utasema nini.