Kwa Nini Kongosho Limejibanza Nyuma ya Tumbo

Hapo kale, watu walipokuwa bado wapya juu ya nchi, hakuna aliyekuwa na kongosho. Kazi ya kongosho ilifanywa kwa mkono. Kila mtu alivaa kiunoni vibuyu viwili vidogo. Kimoja kilikuwa na maji ya kufungulia: mtu akishakula aliyanywa kidogo, na utamu wa chakula ukatoka kwenye damu, ukaingia mwilini kuwa nguvu. Cha pili kilikuwa na maji ya kuamshia: njaa ikimshika mtu safarini aliyanywa hayo, na ini likatoa akiba yake.

Ukilisikia ni jambo jepesi, lakini halikumpa mtu raha. Aliyezidisha maji ya kufungulia alitoka jasho, akatetemeka, akaanguka. Aliyeyasahau alipatwa na kiu isiyokatika, akaenda haja ndogo kutwa kucha, akakonda huku ghala lake limejaa. Basi watu waliishi mkono ukiwa kiunoni. Shambani, arusini, hata katikati ya mazungumzo, ungemwona mtu amenyamaza ghafla, anakisia: nimekula kiasi gani, nimetembea umbali gani, ninywe sasa au ningoje kwanza?

Hakuna aliyehangaika kumshinda Kalunde, mke wa mrina asali mmoja wa upande wa misitu ya Tabora. Alikuwa na binti wa miaka minne, Mbula, na yeye ndiye aliyempimia. Mbula hakuwa mtoto wa kupimiwa. Alikula kiazi nyumba hii, akalamba sega nyumba ile, akakimbia hadi kisimani na kurudi kabla mama yake hajajua lipi lilitangulia. Kalunde alikonda kwa kumfuata.

Siku moja ya kurina asali, Mbula alikula sega zima. Bibi yake, mama mkwe wa Kalunde, alimpa maji ya kufungulia kama ilivyopasa. Punde Kalunde akafika kutoka kisimani, akaona midomo ya mtoto inang'aa asali, akampa tena bila kuuliza. Haukupita muda Mbula akanyamaza. Jasho likamtiririka, akamtazama mama yake kama asiyemjua, kisha akaanguka.

Kalunde alimpaka asali ndani ya mashavu na kumdondoshea maji ya kuamshia, tone baada ya tone, mpaka macho yakafunguka. Bibi alilia akisema kosa ni lake. Kalunde akamwambia kosa si la yeyote kati yao. "Mkono hauoni damu, mama," alisema. Wala hakukaa chini. Alimbeba mtoto mgongoni, akashika njia ya mlimani alikoishi Limatunda, Muumba wa watu.

Limatunda alimuuliza kama amekuja kuomba mvua au chakula. Kalunde akasema vyote anavyo, asichonacho ni utulivu. Akaeleza yaliyotokea, huku mkono wake ukirudi kiunoni kila mara bila yeye kujua.

"Vitie hivi vibuyu ndani," alisema, "mahali damu inapopita, viionje vyenyewe."

Limatunda alijibu, "Naweza, mama Mbula. Lakini vikiwa nje, kikipungua unakiona. Vikiwa ndani, vitachoka na hutasikia kitu. Utagundua baadaye, kwa kiu."

Kalunde alimtazama mtoto aliyelaza kichwa begani pake, bado na baridi ya jasho. Aliogopa hivi, akaogopa vile. Mwisho akasema, "Vitie."

Limatunda akachukua vibuyu, akayageuza maji kuwa chembe ndogo mno, akazifunga katika vifuko visivyoonekana kwa jicho. Akaumba wafanyakazi wa namna mbili wa kuvitunza, akawaweka katika vikundi, kama visiwa katika ziwa. Wale wa kwanza aliwapa ulimi wa kuonja damu. Utamu ukipanda, walisogeza vifuko hadi ukingoni mwa damu na kuvimimina, kwanza kwa haraka, kisha polepole mpaka utamu ushuke. Wale wa pili walingoja utamu upungue, ndipo nao wakamimina maji ya kuamshia. Kisha akaviweka visiwa hivyo ndani ya nyama laini, ndiyo kongosho, akaificha nyuma ya tumbo, mbali na mikono ya watu. Alianza na Mbula, kisha mama yake, halafu watu wote.

Watu walifurahi. Kalunde peke yake hakuzoea. Kwa miaka mingi, Mbula akila, mkono wa mama ulipapasa kiuno kitupu.

Alipozeeka, kiu ikamjia. Alikunywa mtungi na kutaka mwingine, na mahali alipokojoa sisimizi walijaa. Wafanyakazi wake walikuwa wamechoka. Mbula, sasa mwanamke mzima, alipanda mlimani kwa Limatunda. Aliambiwa kwamba kilichowekwa ndani hakitolewi tena, ila maji kama yale ya kufungulia yanaweza kutengenezwa, na mwenye kuyatumia atapimiwa kwa mkono kama zamani.

Akarudi nayo. Kalunde aliyatazama kwa chuki.

"Nilikuzaa mimi, na mimi ndiye niliyekupimia," alisema. "Leo unipimie wewe?"

"Kaa, mama," Mbula alijibu. "Umekula nini leo?"

Kalunde alikaa, akaanza kumhesabia.

Na tangu siku hiyo kongosho limejibanza nyuma ya tumbo, linaonja damu usiku na mchana bila sauti. Kwa watu wengine wafanyakazi wake huchoka. Kwa wengine walinzi wa mwili, wanaopigana na maradhi, huwadhania wafanyakazi hao kuwa wageni na kuwaua. Hapo kazi hurudi mikononi mwa watu. Ndiyo maana katika nyumba nyingi, kabla sahani ya mwenye kisukari haijafunuliwa, kuna mtu humuuliza taratibu kama ameshapima sukari. Naye hukasirika kidogo, kisha hunyoosha kidole.